Dada, chipu imeninyima usingizi

Maswali ya wasomaji, ukurasa wa ufundi

Barua nne za mwezi huu zimetoka pande nne za Uganda, na zote zinazungumzia somo moja: ubunifu wa chipu, lile somo ambalo wanafunzi wa uhandisi wa umeme hulitaja kwa sauti ya chini. Nimeamua kuzijibu pamoja. Nililisoma mwenyewe katika chuo kimoja cha Kampala mwaka 2009, na mpaka leo nakumbuka harufu ya maabara ile, vumbi la feni na chai ya maziwa iliyomwagikia mezani. Sasa natengeneza vidhibiti vya pampu za maji za sola. Nikiulizwa kazi nilijifunzia wapi, nataja muhula ule mmoja.

SWALI: Habari yako dada. Niko mwaka wa tatu, nakaa hosteli Kikoni. Tumepewa mradi wa kuchora kichakataji kidogo cha biti 8, kuanzia transista, zile swichi ndogo za umeme, mpaka leyauti, yaani mchoro wa jinsi zinavyokaa kwenye silikoni. Kundi letu ni la watu wanne, wavulana watatu na mimi. Hii ni wiki ya sita na hakuna sehemu iliyopita ukaguzi. Silali. Juzi nilisinzia juu ya boda nikitoka Wandegeya, nusura nianguke. Wenzangu wameniachia kuandika ripoti, wanasema naandika vizuri. Rafiki zangu waliochagua mawasiliano saa nne usiku wako kitandani. Nikimwendea mhadhiri atajua kwamba hatujafika popote. Halafu najiuliza, Uganda hatuna kiwanda hata kimoja cha chipu, nahangaikia nini? Niache somo, au ningojee tu riteki, yaani kulirudia? – Aliyechoka, Kikoni

JIBU: Mdogo wangu, tuanze na boda. Wandegeya na Kikoni ni jirani, mchana tembea. Jioni rudi kabla usingizi haujakushika, hata kama kazi imebaki nusu. Saketi inaweza kungoja mpaka asubuhi, wewe ukianguka barabarani hakuna wa kukuokota vipande.

Sasa la mhadhiri. Sentensi yako hii imenikaa kifuani: "Atajua kwamba hatujafika popote." Ugonjwa uko hapo, transista hazina kosa. Nakuambia hivyo kwa sababu niliugua ugonjwa huohuo.

Sisi tulikuwa wawili, mimi na msichana mmoja wa Arua. Mradi wetu ulikuwa kizidishi. Kila ukaguzi ulipita isipokuwa wa muda. Programu ilituandikia mstari mmoja mwekundu: upungufu wa nanosekunde 0.12 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde). Tukasema, basi saa ya saketi inakwenda mbio, tuipunguze. Mpigo ulikuwa kila baada ya nanosekunde 10, tukaweka 20. Mstari ukarudi na 0.12. Tukaweka 50, ikarudi 0.12. Siku ya tano tukaweka 100, yaani tumeipunguzia saketi yetu kasi mara kumi, na ile 0.12 imekaa palepale kama jiwe la mpaka wa shamba. Tukafuta njia nzima ya data tukaichora upya. Usiku mmoja umeme ukakatika saa nane, nasi tulikuwa hatujahifadhi kazi tangu saa tano. Tulikaa gizani tukalia, sikufichi. Zikapita siku tisa. Na siku zote hizo ofisi ya mhadhiri wetu ilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa maabara, na taa yake tunaiona.

Siku ya kumi mwenzangu aliibeba kompyuta ikiwa wazi vilevile, akaingia nayo ofisini, mimi nyuma yake. Mzee yule alikuwa mkali, wanafunzi walikuwa wakimwona wanapita njia nyingine. Aliutazama ule mstari mwekundu kwa muda, kisha akauliza: "Mlipopunguza saa, hiyo namba ilisogea?"

Tukasema haikusogea.

"Basi saa haihusiki. Nendeni mkafikiri."

Tuliketi kwenye ngazi nje ya ofisi yake, na palepale tukaelewa. Wape picha hii wenzako pia. Watu wamejipanga mstari kutoka bombani, wanapokezana ndoo za maji, na kuna mmoja anayepiga filimbi. Filimbi ikilia, kila mtu anaidaka ndoo iliyo mbele yake na kuisogeza. Kuna kosa ambalo kila mwanafunzi analijua: ndoo inachelewa, filimbi inalia kabla haijafika. Dawa yake ni kupiga filimbi polepole. Letu lilikuwa la pili, ambalo vitabuni huitwa ukiukaji wa holdi. Ndoo mpya ilikuwa inafika mapema mno. Mtu hajaishika barabara ile ya kwanza, jirani yake ameshamsukumia nyingine, na maji yanamwagika. Yote hayo yanatokea ndani ya filimbi moja. Hata ukiipiga mara moja kwa siku, maji yatamwagika tu. Dawa ni kumchelewesha kidogo yule jirani mwenye haraka. Tuliweka bafa mbili, saketi ndogo zinazoichelewesha ishara, kwenye waya ule. Ilituchukua dakika arobaini, pamoja na kukagua upya. Siku tisa za kuogopa, dakika arobaini za kazi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kesho, si wiki ijayo, nenda kwa mhadhiri wako na karatasi moja yenye mambo matatu: ujumbe wa kosa neno kwa neno, kile mlichobadilisha, na kile ambacho hakikubadilika baada ya kubadilisha. Usimwambie "imekataa". Hilo la tatu ndilo litakalomfanya avute kiti akae. Na ataona kwamba mmekwama, ndiyo. Miradi ya chipu ameiona mingi ikikwama, na anachokiogopa yeye ni kundi linalokaa kimya hadi wiki ya kumi na mbili.

Unasema hakuna sehemu iliyopita. Basi rudini kwenye inveta, ile saketi inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, transista mbili tu, moja ya aina ya P na moja ya aina ya N, mhakikishe inapita kila ukaguzi. Msicheke. Sisi inveta yetu ya kwanza ilitoa makosa 43 ya kanuni za uchoraji, na tulipokisogeza kipande kimoja cha metali yakabaki manne. Makosa ya DRC, yaani ukaguzi wa kanuni hizo, huzaana. Ukingo mmoja uliokaa vibaya unahesabiwa na kila kilicho karibu nao, kwa hiyo rekebisheni la kwanza kisha mkague tena kabla ya kugusa la pili. Kwenye LVS, pale leyauti inapolinganishwa na skimatiki, yaani mchoro wa saketi unaoonyesha nini kimeungwa na nini, msikimbilie kusoma orodha ndefu. Anzeni na hesabu. Kijumlishi kamili cha kawaida cha CMOS, yaani cha transista za P na N pamoja, kina transista 28. Kama leyauti ina 27, hakuna haja ya kusoma kingine, tafuteni iliyopotea. Transista zikilingana, hesabuni nyaya. Leyauti ikiwa na nyaya nyingi kuliko skimatiki, kuna mahali waya umekatika. Ikiwa na chache, kuna mbili zimegusana. Nilikuja kulijua hilo mwishoni mwa muhula, na nilitamani kumpiga aliyelijua mwanzoni asituambie.

Kuhusu hao wavulana. Mwandiko wako mzuri hautakusaidia siku ya kutetea mradi, utakapoulizwa kwa nini transista ya P imechorwa pana kuliko ya N. (Ni kwa sababu mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, husafiri ndani ya silikoni polepole kuliko elektroni, mara mbili au tatu hivi, basi unaipanulia njia ili pande mbili zilingane nguvu.) Chukua kitalu kimoja, yaani sehemu moja ya kichakataji, kiwe chako. Usiombe. Kwenye kikao kijacho sema: "Faili la rejista nalifanya mimi, Jumatano nitawaonyesha." Na ripoti igawanywe, kila mtu aandike kitalu chake. Nimechagua rejista, pale kichakataji kinapohifadhi namba zake, kwa makusudi, kwa sababu ni seli moja, saketi ndogo, inayorudiwarudiwa. Seli yako ya kwanza ikipita, nyingine zote zimekaribia kupita, na ndani ya wiki moja utakuwa na kipande kikubwa kuliko cha yeyote kati yao.

Na lile la kiwanda. Kweli hatuna. Lakini hata Nvidia, kampuni kubwa ya chipu, haina kiwanda cha kuchapa chipu zake, wala AMD, wala Qualcomm. Wanachora, na viwanda kama TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa 1987, vinawatengenezea. Arm ya Cambridge, Uingereza, ilijenga jina lake kwa kuuza michoro. Mchoro unasafiri kwa waya, hauhitaji lori wala bandari. Hata somo lenyewe unalolisoma lilizaliwa hivyo. Mwaka 1978 mhandisi Lynn Conway alikwenda chuo cha MIT, mashariki mwa Marekani, kufundisha wanafunzi ambao hawakuwahi kuingia kiwanda cha chipu. Michoro yao ikatumwa upande wa pili wa Marekani, California, ikachapwa Hewlett-Packard yote kwenye sahani zilezile za silikoni ili gharama igawanyike, kama wafanyabiashara wa Busia wanavyochangia lori moja. Mwanzoni mwa 1979 wanafunzi walishika chipu zao mkononi. Na usitazame mbali sana, hapo Nyeri nchini Kenya, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayofanya kazi hii ya silikoni. Nyeri si sayari nyingine.

Usiache somo. Ila ukienda kwa mhadhiri, ukachukua kitalu chako, ukalala, na baada ya wiki tatu bado unaliona kaburi, basi badilisha bila aibu. Mawasiliano ni kazi nzuri. Ninachokataa ni uliache kwa sababu ya kosa ambalo hujamwonyesha mtu.

SWALI: Mimi nasomea huku mashariki, karibu na Tororo. Nilibuni kizidishi cha biti 8 kwa 8 kwa Verilog, lugha ya kuandikia saketi. Nilikijaribu kwa mifano 20, yote ikatoa jibu sahihi. Mhadhiri amenipa alama 9 kati ya 20, ameandika "hujathibitisha". Kinafanya kazi, anataka nini zaidi? Naona ameonea. – Mwenye kizidishi, Tororo

JIBU: Hakukuonea, ndugu yangu. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta pa kukutetea, sijapaona.

Namba moja ya biti 8 ina hali 256. Mbili pamoja ni 256 mara 256, yaani jozi 65,536. Wewe umejaribu 20. Na jozi zote 65,536 kompyuta yako inazimaliza kabla chai haijapoa: kitanzi ndani ya kitanzi, mstari mmoja wa kulinganisha jibu la saketi na alama ya kuzidisha ya Verilog yenyewe, na ujumbe uchapwe pale tu yanapotofautiana. Ni mistari kama kumi na mitano. Ulichoacha kufanya kilikuwa rahisi kuliko ulichofanya, na nadhani hicho ndicho kilichomuudhi mhadhiri.

Nataka nikusimulie jambo, kwa sababu alama 9 zinauma na pengine hili litakufaa kuliko pole. Mwaka 1994 chipu ya Pentium ya Intel ilikuwa ndani ya kompyuta nyingi sana duniani. Profesa mmoja wa hesabu huko Virginia, Thomas Nicely, alikuwa akikokotoa mambo ya namba tasa pacha, akaona majibu yake hayalingani. Alianza kwa kujishuku mwenyewe, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na chipu. Kigawanyi cha Pentium kilikuwa na jedwali ndani yake, na Intel ilieleza kwamba nafasi tano zilizopaswa kujazwa ziliachwa tupu. Nafasi tano tu. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu ni 1.33382 na kidogo. Pentium ile ilitoa 1.33374. Mara nyingi ilijibu sahihi, na hilo ndilo lililoifanya iwe hatari, kwa sababu majaribio ya kawaida yalipita. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kosa hilo na kuzibadilisha chipu.

Programu ya simu ikiwa na kosa, unatuma nyingine usiku huohuo. Chipu ikishachapwa hairudi kwenye karatasi. Ndiyo maana watu wa kazi hii hutumia muda mwingi kukagua kuliko kubuni, na mhadhiri anayekufundisha hivyo ungali mwanafunzi anakutendea wema ambao utauona baadaye.

Jaribu jozi zote leo jioni. Ikiwa zote zimepita, mpelekee, umwombe apitie alama zako upya, wengine hukubali. Ikiwa hazikupita, tazama kwanza pale namba moja inapokuwa 255 au 128. Hapo ndipo biti ya juu kabisa inaposahaulika. Halafu jiulize swali gumu: ungekuwa na kizidishi cha biti 32 kwa 32, jozi haziwezi kujaribiwa zote hata ukipewa maisha yako yote. Ungechagua zipi? Mtu akikuuliza hilo siku ya kutafuta kazi, uwe na jibu.

SWALI: Asalaam aleikum mwanangu. Mimi ni mama wa hapa Bombo, nasuka vikapu na mikeka. Kijana wangu yuko chuo Kampala, anasema anasoma kutengeneza chipu. Miezi miwili hajaja nyumbani, na alipokuja Idi alikuwa amekonda, analala mchana kama mgonjwa. Sasa anaomba shilingi milioni moja na laki tano anunue kompyuta iliyotumika. Nikimuuliza anafanya nini hasa, anasema "mama huwezi kuelewa". Majirani wananiambia vijana wa siku hizi ni kamari. Je, masomo haya yapo kweli? – Mama wa Bombo

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Masomo yapo, na kukonda kwake nakufahamu, hata mimi mama yangu alinishika mkono akauliza kama chuoni hatupewi chakula. Nililelewa kambini Jinja, baba askari, mama anauza vitumbua. Miezi kadhaa nami nilimwambia "huwezi kuelewa". Lilikuwa kosa, na nilishamwomba radhi. Niruhusu nikueleze wewe alichostahili kuelezwa yeye.

Chipu ni kile kipande cheusi kidogo ndani ya simu yako, ndani ya redio, ndani ya mita ya umeme ya yaka. Kimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni inatoka kwenye mchanga uliosafishwa mpaka umekuwa safi kupita kiasi, ukayeyushwa, ukakatwa sahani nyembamba. Juu ya sahani hiyo wanachapa michoro kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na mchoro wake. Kijana wako hachapi. Yeye anachora. Nyaya anazochora ni nyembamba kiasi kwamba katika unene wa unywele mmoja wa kichwa zinaweza kupangwa mamia, bega kwa bega.

Wewe unasuka, mama, kwa hiyo hili utalielewa kuliko majirani. Ukianza kikapu, unaanza na kitovu cha chini. Ukikosea kuhesabu pale kitovuni, hauoni kitu. Unazungusha, unaongeza rangi nyekundu, unaongeza nyeusi, ua linakwenda vizuri, na ukifika ukingoni ndipo unaona ua halikutani. Na huwezi kuchomoa ukuti mmoja katikati. Unafumua mpaka chini. Kijana wako anafanya hiyo kazi, ila kikapu chake kina maelfu ya kuti na kila moja lazima likutane na lenzake. Akilala mchana siku ya Idi, kuna uwezekano mkubwa usiku uliotangulia alikuwa anafumua.

Siwezi kukuapia kwamba hachezi kamari, simjui. Lakini kuna njia ya kujua bila kugombana. Mwambie aje na kazi yake, kwenye kompyuta ya kuazima kama hana, akae nawe mkekani, akuonyeshe mchoro. Utaona vipande vya rangi nyingi vimepishana kama kitambaa cha viraka. Mwambie, "Nionyeshe umeme unapoingia, nionyeshe unapotokea." Mwanafunzi wa kweli ataweka kidole bila kusita: utepe mpana wa juu ni wa kuingizia, ule mpana wa chini ni wa kutokea, na katikati ndipo kazi yote ilipo. Kisha muulize ni kosa gani limemsumbua zaidi wiki hii. Akianza kueleza hatanyamaza, mama, utamwambia mwenyewe sasa basi, chakula kinapoa.

Kuhusu fedha. Kwa kazi ya darasani kompyuta iliyotumika yenye memori ya GB 8 inatosha, na yenye GB 16 itamfaa zaidi. Asinunue kwa kuangalia uzuri wa nje. Aende na mwenzake anayejua, aiwashe palepale dukani, aiache bila chaja nusu saa aone betri, afungue programu zake za kuchorea. Na betri nzuri ni jambo kubwa kwetu kuliko huko kwingine, kwa sababu umeme ukikatika usiku bila betri, kazi ya saa nzima inapotea. Ikiwezekana mpe fedha hizo kwa mafungu, au nenda naye dukani. Hataona haya. Mimi mama alikwenda nami, akampiga bei yule muuzaji mpaka akatuongezea begi.

Na mpelekee chakula kinachokaa, karanga za kukaanga, mandazi makavu. Mwezi wa mwisho wa somo lile nilikula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, asubuhi na jioni kwa sababu ilikuwa jirani na mlango, na nadhani ndicho alichokula wa kwako.

SWALI: Dada, chuo chetu huku Mbarara leseni ya programu za kubunia chipu iliisha, na mimi kompyuta yangu ina memori ya GB 4 tu. Naweza kujifunza bila kulipa? – Wa GB 4, Mbarara

JIBU: Unaweza, na una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Sisi tulichora kwa kanuni za kitabuni zinazopimwa kwa lamda, kipimo cha kulinganisha tu, si kwa kanuni za kiwanda halisi. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa hadharani kifurushi kizima cha kanuni za mchakato wa nanomita 130, kinaitwa SKY130. Kabla ya hapo kitu kama hicho kilifungwa kwa mikataba ya siri. Sasa unakishusha bure na kuona kwamba waya wa metali ya kwanza usipungue mikromita 0.14, na nafasi kati yake na wa pili vilevile.

Weka Linux, toleo jepesi. Magic, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, ni ya kuchorea leyauti na inakimbia hata kwenye mashine dhaifu. Inakagua kanuni papo hapo unapochora, ukikosea vidoa vyeupe vinatokea kwenye kosa. Xschem ni ya skimatiki, ngspice ni ya kuigiza volti na mkondo, Netgen ni ya LVS. Kwa Verilog tumia Icarus, na GTKWave ya kutazamia mawimbi. Zote bure. Kwenye GB 4 usifungue kivinjari chenye kurasa kumi huku unaigiza saketi, na usijaribu kupanga kichakataji kizima kwa mashine hiyo, itaganda. Inveta, lango la mantiki la NAND, seli ya kumbukumbu ya transista sita, kijumlishi: hizo zinakutosha muhula mzima. Kushusha kifurushi kunakula data nyingi, kafanyie kwenye mtandao wa chuo usiku, uweke nakala kwenye flashi ili wenzako wasishushe upya.

Ukitaka siku moja kuishika chipu yako, tazama mradi wa Tiny Tapeout ulioanzishwa na Matt Venn mwaka 2022. Michoro midogo ya watu wengi huchangia chipu moja, kama ile ya wanafunzi wa Conway wa 1978. Malipo yanahitajika, kwa hiyo changeni darasa zima kwa mchoro mmoja.

Kitakachokukwamisha kwanza ni kuiweka Magic itambue SKY130. Ukifika hapo niandikie, na unakili ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, herufi kwa herufi, pamoja na ulichobadilisha kabla haujatokea.